Bati la Kijani la Fundi Kamaludin

Fundi Kamaludin hushona barazani kwake, mkabala na mlango wangu, katika kichochoro cha Mji wa Kale ambacho watu wawili wanene hawapishani bila kuombana radhi. Miaka thelathini na tisa yuko pale na cherehani yake. Sifa yake ni rangi: mletee nguo iliyochanika, atakutafutia uzi na kiraka mpaka wewe mwenyewe usijue ilichanika wapi. Ni mtu mwema, ila ana kiburi cha kimya kimya, na kiburi hicho nusura kimmalize.

Msimu wa kaskazi, jua la adhuhuri lilipokuwa kali, binti yake Jannat alimwekea juu ya baraza bati la plastiki la kijani, lile linalopitisha mwanga, likiinamia mbele kama pazia. Alipanda ngazi akalifunga kwa mikono yake. Kamaludin akawa anamwonyesha kila apitaye.

Tangu hapo akaanza kubadilika. Nyuzi alizozijua kwa majina alizigeuzageuza kiganjani kama mgeni nazo. Wateja akawaelekeza kwa mafundi wa Makadara. Nilipombana, alinijibu ameinamisha kichwa.

"Mato yangu yamekwisha, Bi Swabaha. Cherehani n'taiuza Ijumaa. Tafadhali, Jannat usimwambie."

Nilimwambia aende kwa daktari wa macho, akasema daktari atamwambia lile lile analolijua. Nilikasirika, nikaingia ndani, nikalia. Sioni haya kusema.

Alhamisi adhuhuri akaja Beryl, msichana wa ofisi za bandarini, na gauni lake la kwaya la rangi ya damu ya mzee. Lilikuwa likimbana, na fundi alikuwa ameliongezea vipande ubavuni. Beryl alisimama juani, mbele ya mlango wangu, akaliinua. Vipande vilikuwa vya kahawia, wazi kabisa.

"Mzee, nitaimbaje na hili Jumapili? Na jana nilipolichukua hapo kwako niliona ni rangi moja!"

Kamaludin alikuwa ameshaanza kuomba radhi. Mimi ndiye niliyeshtuka.

"Uliliona sawa? Kwani na weye mato yamekwisha?"

Nikamnyang'anya gauni, nikaingia nalo chini ya bati. Rangi moja, ya tope. Nikalitoa juani: damu ya mzee na kahawia. Nikaingia tena, nikatoka tena, Beryl akinitazama kama nimerukwa na akili. Bati lilikuwa likiumeza wekundu wote wa jua na kushusha kijani tu, na chini yake hata macho ya kijana yangekosea.

Kamaludin alikaa kitako, akajifunika uso kwa suruali ya mteja. Beryl, aliyekuja amevimba kwa hasira, akaketi kando yake.

Alipotulia, jambo la kwanza aliloniomba ni kwamba Jannat asijue.

"Mtoto ameniwekea kwa mapenzi."

"Basi uza cherehani," nikamwambia, "ukae kivulini na mapenzi yako."

Aliikunja ile suruali, akaiweka kando. Kisha akamwita bintiye mwenyewe, akamweleza yote.

"Wiki tatu wajiona kipofu, Baba, na hukunambia?" Jannat alipanda ngazi huku akilia, akalifungua bati. Sasa liko juu ya banda la kuku wangu, na hawajalalamika.

Bati lilipotoka, mwanga ulirudi barazani, nami nikauona unakotoka. Katika kichochoro chetu, isipokuwa adhuhuri, jua haliwafikii watu moja kwa moja. Hupiga ukuta wangu wa chokaa nyeupe, kisha likarudi mikononi mwa Kamaludin. Miaka yote ile nilikuwa sijui. Alifungua sanduku la nyuzi akatutajia rangi moja moja, na hakukosea hata moja.

Mimi niliingia chumbani. Kulikuwa na debe la rangi ya samawati nililonunua nipake ukuta ule kwa ajili ya Idi. Nikalisukuma chini ya kitanda mpaka mwisho.