Siku Baba Mkwe Aliponiambia Nimwangalie

Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kuuona vizuri uso wa baba mkwe. Asubuhi aliyokuja kusimama mbele yangu, ungo wa mchele ulinidondoka.

Mimi ni Mhaya, muuguzi, nimeolewa Ipinda. Kwa mume wangu Ezekiel bado wanashika desturi ya zamani: mkamwana na baba mkwe hawaonani.

Nikisikia kikohozi chake, nakatiza kwenye migomba. Akinikuta uani, najifunika khanga na kugeukia ukuta mpaka apite. Inachosha, lakini nilizoea.

Sasa, mwaka jana kakao ikaanza kupungua kwenye mikeka. Tunaanika nyingi, tunaanua kidogo.

Macho yote kwa shemeji yangu Lugano. Si unajua tena, kijana wa bodaboda, macho mekundu, basi huyo bangi tu.

Kikao kikaitwa. Mimi nilisikilizia jikoni. Mzee mwenyewe ndiye aliyekata shauri.

"Mwizi mvuta bangi hakai kwangu. Toka."

Lugano hakujitetea. Alichukua begi lake, akaenda Mbeya. Kakao ikaacha kupungua kwa muda, tukaamini tumemaliza kazi.

Ndipo ikaja asubuhi hiyo ya ungo. Niligeukia ukuta kama kawaida, ila mzee hakupita.

"Mama Anyisile, niangalie."

Nikageuka. Jasho linamtoka, makamasi yanamchuruzika, anapiga miayo, mikono inatetemeka.

"Wewe ni nesi. Nipatie vidonge vya maumivu, tramadol, mwanangu. Viwili tu. Aliyekuwa ananiuzia amekimbia."

"Tangu lini, baba?"

"Nilivianza kwa ajili ya mgongo, msimu wa kupanda mpunga. Sasa mgongo hauumi. Nikivikosa ndiyo naumwa."

"Na kakao?"

Akainamisha kichwa. "Ni mimi."

Mgonjwa wa hivi angeingia wodini kwangu, ningemjua hata kabla hajakaa. Huyu nimeishi naye boma moja, nikimpa mgongo kwa heshima.

Vidonge sikumpa. Nilimwita Ezekiel, tukampeleka hospitali. Kwenye bajaji nilikaa naye bega kwa bega, nimemshikilia asianguke. Mama mkwe alilia njia nzima, sijui alilia ugonjwa au desturi iliyovunjika.

Mzee alipolazwa nikampigia Lugano.

"Shemeji, rudi. Mzee amesema ukweli."

"Nilijua. Nilimkuta anaiuza ile kakao. Sasa ningemsema baba yangu mbele ya watu?"

"Basi rudi nyumbani."

"Ndaga, asante kwa kunipigia, shemeji. Ila siku ile nilikuwa sivuti. Macho yalikuwa ya vumbi la barabarani. Huku ndiko nilikoanza. Sasa bila bangi silali, nitarudije hivi?"

Nimechoka, jamani, nimechoka kweli.

Mzee anaendelea na matibabu, ana nafuu. Siku hizi ananiuliza uso kwa uso, "Lugano anakuja lini?" Kila siku nadanganya kwamba wiki ijayo.

Mwenye mzazi anayelalamika mgongo, muulize anameza nini na anakitoa wapi. Na kabla hamjamfukuza mtu kwa ulevi, mwangalieni usoni kwanza. Kisha mwangalieni na yule anayemfukuza.