Vichwa Vipara vya Kwaya

Wewe ungeimba, huku mkasi unakungoja? Lázaro Chuqui, kiongozi wa kwaya ya kanisa katika milima ya Andes, alisimama na kibuyu mkononi. Kila mara kabla ya wimbo wa Bikira aliimwagia ardhi pombe ya mahindi, sadaka ya kale iliyokatazwa na kanisa, ili roho ya mlima isimnyime sauti. Leo padre mkaguzi alikuwa ameketi mbele, na aliyeonekana akifanya hivyo hunyolewa hadharani, fedheha kubwa kuliko viboko.

“Mume wangu, leo usimwage,” Sisa alimnong'oneza.

“Na sauti ikikwama?”

“Heri ikwame kuliko nilale na kondoo aliyenyolewa!”

Alipofungua kinywa, sauti ikakwama. Mkono uliozoea ukamwaga pombe. Watu wa padre wakamnyoa palepale mlangoni.

Asubuhi iliyofuata aliwaona waimbaji wake wote wamejipanga kanisani, wamejinyoa vipara, wakimngoja aanzishe wimbo.