Wajina wa Houston

Kama kuna kitu kilichomkera Jerioth Kagendo katika nchi ile, basi ni kusubiri karatasi. Si baridi ya Januari, si barabara za Dallas ambazo bila gari hata mkate hununui. Karatasi! Ya mshahara kutoka hospitali alikuwa nayo, ya benki alikuwa nayo. Ilibaki moja tu, ya kampuni ya hisa, alikonunua vijihisa vyake kidogo kidogo kila alipofanya ovataimu. Bila hiyo, Mwenda hakukubali kumjazia kodi.

Mwenda alikuwa Mmeru mwenzake, mwenye ofisi Mesquite nyuma ya duka la matairi, na ukali wake ulijulikana makanisa yote ya Wakenya.

"Dada, mimi si-file vitu nusu nusu," alimwambia. "Leta kwanza ile fomu ya hisa. Wewe unaitwa interview ya uraia baada ya Pasaka. Unataka wakuulize mbona kitu fulani hakiko?"

Hapo alimshika pabaya. Uraia ndio uliokuwa roho ya Jerioth mwaka huo. Akiupata tu, angemwita mamake, aliyekuwa akiishi peke yake kule Nkubu, macho yamemfifia, anatafuta sufuria jikoni kwa kupapasa. Jerioth alikuwa ameshamnunulia koti la baridi, la zambarau. Ndiyo, koti la mtu ambaye hata viza hajaomba! Lilining'inia kabatini kwake Lewisville na lebo yake, na kila asubuhi alipofungua kabati alilisalimu.

Basi akawa anasubiri. Akitoka kazini, hata viatu hajavua, anafungua simu na kusoma maneno yale yale: fomu yako bado inatayarishwa. Flaviana, nesi Mtanzania wa wodi moja naye, alikuwa na hisa katika kampuni hiyo hiyo, na yake ilishafika zamani.

"Labda yako ni ndefu mno, shoga," Flaviana alimtania wakibadilisha mashuka. "Kumbe tajiri, unatuficha! Sisi tunakula makande, wenzetu wanauza na kununua Amerika nzima."

Jerioth alicheka. Ndefu kwa lipi? Mwaka mzima hakuwa ameuza hisa hata moja.

Saa ya chakula akajifungia ndani ya gari lake, akapiga simu ya huduma. Sauti ya mashine ikamwonya kwanza kwamba mazungumzo yanarekodiwa, kisha akaja kijana mpole, mwenye adabu zote. Akamuuliza jina, tarehe ya kuzaliwa, tarakimu za mwisho za namba ya serikali, ile ya kufanyia kazi na kulipia kodi. Jerioth akamsikia akibofyabofya.

"Sababu ya kuchelewa naiona," kijana akasema. "Tunaunganisha akaunti zako mbili ziwe kwenye fomu moja. Ile ya Lewisville na ile ya Houston. Zote mbili ni zako, sivyo?"

Sasa niambie, mtu aliyelelewa na walimu wa kule kwetu, fimbo juu ya meza, akiulizwa na mwenye ofisi "sivyo?", hujibu nini? Hujibu ndiyo! Jerioth alijibu "ndiyo, ndiyo, asante" kwa heshima kamili, kabla akili haijafika mahali ulimi ulipokwisha fika. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nao hawakuwa na simu za kurekodiwa.

Alipokata ndipo neno Houston lilipomwingia. Chakula chake alikimwaga chote.

Houston alimjua mtu mmoja tu.

Inafaa ueleweshwe hapa mambo ya majina, maana ndiyo yaliyomfunga. Kwao Meru, msichana wa kwanza hupewa jina la mama mzazi wa baba. Nyanya ya Jerioth na ya huyo wa Houston aliitwa Jerioth Kagendo, akazaa wana wawili wa kiume. Kila mwana akapata binti, kila binti akapewa jina la nyanya, la ubatizo na la nyumbani, na wote wawili wakabeba la babu, Mbaabu, mwishoni. Kwa hiyo boma moja lilikuwa na Jerioth Kagendo Mbaabu mzee na wengine wawili wadogo. Ili sufuria zioshwe bila kelele, mkubwa akaitwa Jerioth, mdogo akaitwa Kagendo. Wenyewe kwa wenyewe hawakuitana jina. Waliitana wajina, tangu wakiwa na meno ya maziwa.

Kagendo alikuja Texas kwa viza ya masomo. Karo ikamshinda, viza ikamalizika, akabaki Houston akimtunza bibi mmoja mzee wa Kimarekani na kulipwa mkononi. Namba ya serikali hakuwa nayo. Huyo ndiye wajina wa Houston.

Jumamosi Jerioth akaingia barabara kuu ya kusini bila kumpigia simu. Mvua ilimfuata kutoka Corsicana. Huntsville, mji wa magereza, akawa nyuma ya basi jeupe la wafungwa, lenye wavu wa chuma madirishani, na hakuweza kulipita. Kila alipotaka kubadili njia, lori lilikuwa pembeni yake. Akajikuta anaangalia vichwa vya wale waliokaa ndani, vimeinama vyote, na akaomba kwa sauti, "Bwana, isiwe yeye. Hata iwe mwizi nisiyemjua, lakini isiwe yeye."

Kagendo mwenyewe ndiye aliyefungua mlango, aproni kiunoni. Furaha iliyomjaa usoni ilikuwa ya kweli kabisa. Ndani, bibi mzee aliinua shingo kutoka kwenye kiti chake.

"Jerioth!" akaita. "Nani huyo?"

Jerioth alifungua mdomo aitike. Kagendo akamwahi.

"Ni dada yangu, bibi. Anaitwa Kagendo."

Yaani alipewa jina la mwenzake, yeye amesimama hapo hapo na mwavuli unachuruzika! Hasira ilimpanda. Akamshika mwenzake mkono, akamkokota hadi jikoni.

"Umefungua akaunti ya hisa kwa namba yangu?"

Kagendo hakukana. Hilo ndilo lililomtisha Jerioth zaidi, kwamba hata hakushtuka. Alifuta mikono kwenye aproni, akasema, "Si wewe ulisema?"

"Nilisema nini?"

"Ulipopasuliwa. Ulisema, wajina, changu ni chako."

Na kweli alisema. Mwaka ule alipotolewa uvimbe tumboni, Kagendo aliacha kazi akaja Lewisville. Alimwogesha, alimpikia uji, alimshika kiuno kumpeleka chooni, na usiku alilala sakafuni kando ya kitanda. Siku moja Jerioth alimtuma kwenye droo akamletee kadi ya bima, na alipoletewa, machozi yalimlenga, akasema maneno hayo. Lakini ni maneno ya shukrani! Mgeni hukaribishwa kwa kuambiwa nyumba ni yako, na hakuna mgeni aliyeamka asubuhi akapangisha vyumba.

"Kwenye droo niliona na ile kadi ya namba yako," Kagendo akasema. "Nikaipiga picha. Nilidhani umenituma huko makusudi, ili usiniambie kwa mdomo. Nyumbani watu husaidiana hivyo, si ndiyo? Halafu mwaka jana watu wa hapa wasio na karatasi wakaanza kuchukuliwa na wale wa uhamiaji. Mmoja alichukuliwa akitoka dukani na maziwa. Nikasema kihela changu nikikiweka chini ya godoro kitabaki hapo, mimi nikiwa kwenye ndege. Nikanunua hisa, zikapanda, nikauza, nikalipia kiploti Nkubu. Siku wakinirudisha nisirudi mikono mitupu."

"Na kodi? Na uraia wangu? Nikisema akaunti si yangu, watauliza ni ya nani, watakuja hapa. Nikisema ni yangu, nitakuwa nimeapa uongo mbele ya serikali. Umeniweka wapi, wewe?"

Kagendo alifunika mdomo kwa mkono. Alikuwa hajaliwaza hilo, ilionekana wazi. Sebuleni bibi mzee aliita tena, "Jerioth! Chai yangu!" na wote wawili wakageuza shingo.

"Usinipigie simu," Jerioth akasema. "Usinipigie kabisa."

Akaondoka bila kunywa hata maji, jambo ambalo kwao halifanywi.

Fomu ilikuja mwezi wa tatu. Ilikuwa ndefu kweli, Flaviana hakukosea. Wiki hiyo Kagendo alipiga simu tena na tena, Jerioth akaiacha ilie. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya haki, mimi simlaumu. Lakini kila alipolala aliusikia mkono ule kiunoni ukimshikilia kwenda chooni. Alijiona akiiambia kampuni ukweli, halafu aliliona basi jeupe, na safari hii mmoja wa wale waliokaa ndani aligeuza uso. Mamake naye, kila Jumapili, hakuacha kuuliza: "Wajina wako hajambo? Muangalie huyo mtoto. Huko hana mtu ila wewe."

Asubuhi ya kwenda Mesquite alilitazama lile koti la zambarau muda mrefu. Kisha akazima sauti ya simu na kutoka.

Mwenda alisoma fomu kimya, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Akafika mahali pa anwani, kidole kikasimama.

"Houston uliishi lini?"

"Ni mambo ya familia, Mwenda."

Mwenda alivua miwani. Huko kwao kila boma lina Kagendo wawili watatu, naye hakuzaliwa jana.

"Hilo sijalisikia," akasema polepole. "Nikilisikia siwezi kukujazia. Sikiza, dada. Ukisaini hapa umeapa, si kama kusaini daftari la michango ya harusi. Na wale wa uraia wanazisoma hizi. Ukifukuzwa kwa uongo, hakuna kurudi. Sasa nakuuliza mara ya mwisho. Hisa za Houston ni zako, au si zako?"

Jerioth alifikiria macho ya mamake. Alifikiria pia maziwa yaliyomwagika mbele ya duka, ya mtu asiyemjua hata jina.

"Ni zangu."

"Zote?"

"Zote ni zangu, Mwenda. Tuma."

Akasaini kwa kidole juu ya kioo, jina zima, herufi kwa herufi. Mwenda akabonyeza bila kumtazama. Jerioth akatoka kwenda kupumua uwanjani, kwenye harufu ya matairi mapya. Alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Februari. Atampigia wajina wake, akawaza, amwambie yameisha, wasameheane kabla ya Pasaka. Alipoitoa simu akakuta ni Kagendo anayempigia wakati huo huo.

"Wajina! Asante Mungu umeshika." Kagendo alikuwa analia na kucheka pamoja. "Usikate, nisikilize tu. Nimekukosea sana. Sikulala tangu siku ile. Asubuhi hii nimewapigia wale watu wa hisa, nimewaambia kila kitu. Kwamba akaunti ya Houston ni yangu, kwamba nilikuibia namba, kwamba wewe hukujua."

Jerioth aliegemea gari.

"Wakaniuliza, una hakika mwenye namba hakujua? Nikaapa kwa Mungu hujui. Wakasema sawa, wataipeleka habari serikalini, na watasikiliza simu ulizowapigia, ndio wahakikishe. Wacha wanichukue, mimi nimeshazoea kungoja. Lakini wewe uko safi sasa. Enda kwa uraia wako kichwa juu, umlete mama."

Nyuma ya kioo cha ofisi Mwenda alikuwa amesimama, amemwinulia kidole gumba. Fomu ya kodi ilikuwa imepokelewa.

"Kagendo," Jerioth akasema. "Wakati unaungama, waliandika jina?"

"Eeh, waliandika. Wakanisomea tena nihakikishe."

"Uliwaambia unaitwa nani?"

Kagendo akajibu kama mtu asiyeelewa anaulizwa nini.

"Si Jerioth Kagendo Mbaabu? Ndilo jina langu, wajina. Sina lingine."