Tawi Lisilojibu Limekubali

Nyumbani kwetu mama yangu mdogo huitwa Itifaki. Jina hilo alipewa na mumewe siku ya harusi ya binti yao, alipoweka kadi za majina kwenye kila meza na shangazi mmoja akajikuta amepangwa jirani na mlango wa choo, akanuna mpaka keki ilipokatwa. Baba mdogo alicheka akashika mbavu. Alisema huyu mke wake hata malaika wa kifo akija, atamwuliza kwanza kama amejiandikisha.

Kupanga watu ndiyo ilikuwa kazi yake. Tangu mimi nikiwa mtoto wa kubebwa, alikuwa mtumishi pekee wa chama cha kimataifa cha sheria ya kazi, chama cha maprofesa, majaji na mawakili ambao maisha yao yote wanasoma na kuandika juu ya haki za wafanyakazi. Kina matawi katika nchi nyingi, na kila baada ya miaka mitatu matawi hukutana kwenye kongamano. Kati ya kongamano moja na jingine, chama kizima kilikuwa vyumba viwili ghorofa ya tatu, juu ya maktaba ya kitivo cha sheria, na ndani yake mama mdogo.

Chumba cha kwanza kilikuwa na meza yake, birika la umeme ambalo mfuniko wake umeshikwa na utepe wa gundi, na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Cha pili kilikuwa stoo. Bendera ndogo za mezani zilisimama ndani ya kreti ya soda, kamba za vitambulisho zimefungwa mafungu mafungu kama mboga za sokoni, na visikizio vya wakalimani vimelala kwenye maboksi ya viatu. Kwenye kiti cha wageni aliweka mto aliouleta kutoka nyumbani, maana wageni wengi wa chama ni watu wazima na kile kiti ni cha mbao tupu.

Ili kilichompata kieleweke, lazima nieleze kanuni moja ya chama hicho. Zamani, kila uamuzi wa Kamati Tendaji ulipelekwa kwa matawi yote, na matawi yalitakiwa kujibu. Hayakuwa yanajibu. Mama mdogo aliandika, akakumbusha, akapiga simu, akaambiwa mwenyekiti yuko safarini. Mwaka mmoja Kamati ilikaa ikisubiri matawi yaseme kama tarehe za kongamano zinawafaa, mpaka ukumbi ukachukuliwa na watu wa maonyesho ya magari. Kongamano likahamia kwenye jumba la michezo la shule, na jaji mmoja mashuhuri akatoa mada ya haki ya kugoma akiwa amesimama chini ya goli la mpira wa kikapu. Mama mdogo aliilia picha ya jaji huyo. Sisi tuliicheka miaka mingi.

Baada ya hapo aliibembeleza Kamati mpaka ikaingiza kanuni mpya kwenye katiba ya chama: pendekezo likisambazwa, tawi linalopinga liandike ndani ya wiki tatu, na tawi lisilojibu limekubali. Upinzani wa tawi moja unatosha kulizuia pendekezo mpaka Kamati ilijadili upya. Tangu siku hiyo kumbi zilipatikana mapema, wakalimani walikodiwa mapema, na yeye akawa analala usingizi.

"Mtu asiyejibu dawa yake ni moja," aliniambia wakati ule. "Unahesabu kule kutojibu kwake."

Mwaka huu kongamano lilikuwa linakuja hapa kwetu, kwa mara ya kwanza. Mama mdogo alitembea kama bibi harusi. Alikwenda mwenyewe kujaribu viti vya ukumbi, akakaa mbele, akakaa nyuma, akamwomba mtu wa vipaza sauti azungumze huku yeye akizunguka kila pembe kusikiliza.

Ndipo ukaja waraka kutoka kwa Katibu Mkuu wa chama, aliyekuwa anaishi ng'ambo. Mama mdogo alimwita Bwana Heshima kwa sababu barua pepe zake zote huanza na "kwa heshima kubwa", hata akiwa anauliza nenosiri la intaneti. Kwa heshima kubwa, basi, alileta mapendekezo mawili ya kusambazwa kwa matawi. La kwanza lilikuwa ratiba ya kongamano na majina ya watakaoongoza vikao. La pili lilikuwa kuifunga ofisi ya kudumu ya chama siku ya mwisho ya kongamano, na kazi zake zikabidhiwe kampuni ya kuandaa mikutano. Mtumishi wa ofisi hiyo atashukuriwa kwa utumishi wake mrefu.

Yeye ndiye aliyetakiwa kuusambaza. Akausambaza mchana uleule.

Nilipopita ofisini nikakuta anaosha vikombe. Nilimwambia wamempa kisu ajichinje mwenyewe. Alinitazama kama ninamchafulia sakafu.

"Wamenipa waraka," alisema. "Kusambaza waraka ndiyo kazi yangu." Akakipanguza kikombe ambacho tayari kilikuwa kikavu, halafu akashusha sauti. "Wala si lazima wapinge wote, mwanangu. Tawi moja tu."

Hilo likawa tegemeo lake. Katika matawi hayo yuko mzee aliyeanguka ghafla katikati ya kongamano moja la nyuma, mama mdogo akakaa naye hospitali mpaka mkewe alipowasili. Yuko aliyepoteza pasipoti, akamtembeza ofisi baada ya ofisi. Na zaidi ya wote yuko yule mwalimu aliyeandika kitabu kizima juu ya wafanyakazi wanaoachishwa kazi bila kusikilizwa, ambacho ukurasa wake wa shukrani unamtaja mama mdogo. Kitabu hicho kiko sebuleni kwake, karibu na televisheni. Nilimwomba amwandikie huyo mmoja tu. Alikataa katakata. Alisema mtumishi wa chama hapigi kampeni, na kama amewahudumia watu miaka yote bila kupendelea, hawezi kuanza leo kwa ajili ya kiti chake. Nilibishana naye mpaka koo likakauka. Chama cha watu wanaofundisha dunia nzima kwamba hakuna kumfukuza mtu bila kumsikiliza, na katika wasomi wote hao hakuna hata mmoja aliyempigia simu kumwuliza, wewe unasemaje. Na bado alikuwa anawalindia kanuni zao.

Wiki hizo tatu barua zilikuja, tena nyingi kuliko wakati wowote. Kila mlio wa kompyuta ulimfanya aache alichoshika. Tawi moja lilipinga kwa sababu mwenyekiti wake amepangwa kuzungumza baada ya chakula cha mchana, wakati watu wanasinzia. Jingine lilitaka kikao cha ufunguzi kiongozwe na mtu wake, na la tatu likapinga huyo mtu wa la pili. Yote yalihusu pendekezo la kwanza. Kisha ikaja barua ya mwandishi wa kitabu. Mama mdogo aliifungua akiwa amesimama. Ilikuwa ndefu, yenye hoja nzito na hasira ya haki, na ilihusu chumba alichopangiwa kuwa ni kidogo mno kwa wasikilizaji anaowatarajia. Mwishoni alimwomba awasalimie wote nyumbani.

Nikaenda kwa Profesa, mwenyekiti wa tawi letu na mwalimu aliyenifundisha sheria ya kazi. Nilimwamkia, akanikaribisha vizuri, akaniuliza habari za mama. Alijua nilichofuata kabla sijakaa. Alisema jambo lile linamsikitisha sana, lakini sisi ni wenyeji, na mwenyeji akipinga itaonekana anamtetea ndugu yake. Matawi mengine yatapinga tu, matawi ni mengi. Hakusema kwamba anagombea umakamu wa rais wa chama, na kwamba Bwana Heshima ndiye anayempigia debe. Kila mtu alijua.

"Na kama kila tawi linasema hivyohivyo, Profesa?"

Aliinamisha kichwa, akazungusha kalamu mezani.

"Ulifanya vizuri sana kwenye somo langu," alisema. "Usiniharibie kongamano."

Muda uliisha Ijumaa adhuhuri. Mama mdogo alisubiri mpaka jioni, akisema pengine kuna aliyechelewa kwa tofauti ya saa za nchi na nchi. Halafu akaandika taarifa kwa matawi yote kwa mkono wake: pendekezo la kwanza limepingwa, Kamati italijadili upya, pendekezo la pili limepita bila kupingwa. Akaituma. Nyumbani, baba mdogo alikuwa amechemsha chai na kupanga vikombe kwa mstari ulionyooka kama afanyavyo mkewe. Alijaribu utani, akasema basi Itifaki wetu sasa atatupanga sisi. Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe akaenda kusimama dirishani.

Kongamano lilikwenda kama saa mpya. Kila kadi ilikuwa mahali pake, kila kisikizio kilisikika. Mama mdogo alifika wa kwanza, akaondoka wa mwisho. Maprofesa walimkumbatia mapokezi, wakasema bila yeye chama hakiwezi kusimama, wakachukua vitambulisho vyao, wakaingia ndani.

Siku ya mwisho ulikuwa mkutano mkuu. Nilikuwa na kadi ya uanachama wa vijana, nikanyoosha mkono. Kikao kiliongozwa na Profesa, ambaye asubuhi ile alikuwa ameshapata umakamu wake. Nilisema kwamba chama hiki kimemwachisha kazi mfanyakazi wake pekee bila kumsikiliza, na ninaomba uamuzi huo uangaliwe upya. Sikutukana mtu. Profesa alinishukuru kwa upole. Alieleza kwamba jambo hilo limeamuliwa kwa mujibu wa katiba, na kulifungua tena kunahitaji tawi moja liunge mkono hoja. Kisha akauliza, lipo?

Mkalimani alimaliza kutafsiri lile swali. Nikageuka kuutazama ukumbi. Yule mzee wa hospitali alikuwa anaisoma ratiba ya kikao kilichokwisha kupita. Mwandishi wa kitabu alipekua mkoba akitafuta miwani, nayo ilikuwa machoni pake.

"Halipo," alisema Profesa. Nikakaa.

Papo hapo Bwana Heshima akasimama na, kwa heshima kubwa, akapendekeza chama kimpigie makofi mama yetu wa ofisi. Ukumbi mzima ukainuka. Walipiga kwa muda mrefu, kwa furaha, kama watu waliotua mzigo. Wengine walifuta machozi, na naamini yalikuwa ya kweli, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Yeye hakuwamo. Asiye mwanachama haketi kwenye mkutano mkuu. Nilimkuta nje ya mlango, kwenye meza ya mapokezi, anatenganisha vitambulisho vilivyorudishwa. Makofi yalikuwa yanapita kwenye mbao za mlango kama mvua ya mbali.

"Wamemchagua nani tena?" aliuliza.

Nikamwambia makofi ni yake. Aliutazama mlango, kisha akanitazama mimi, na nikaona kwamba makofi hayakumshughulisha hata kidogo.

"Na lile pendekezo la pili? Limesimama tawi lolote kulipinga?"

"Hakuna, mama mdogo."

Akaitikia kwa kichwa. Akachukua kamba nyingine ya kitambulisho, akaizungusha vidoleni, akaifunga, akaiweka pamoja na nyingine. Kisha akaniagiza nikawaambie watu wa jikoni walete chai, kwa sababu wakitoka hawa watatoka wote kwa pamoja.

Jioni walikuja vijana wa kampuni, wamevaa fulana za rangi moja, wachangamfu, wakaomba funguo za stoo. Walimwamkia vizuri. Mmoja aliiona kreti ya bendera akasema hizo siku hizi hazitumiki, zinaonyeshwa kwenye skrini. Mama mdogo akamwambia sawa. Akaufungua mkoba wake, akawapa funguo. Ule mto wa kiti cha wageni aliusahau, na alipokumbuka tukiwa njiani alinikataza kurudi.

Sasa yuko nyumbani. Asubuhi huoga, huvaa kama wa kazini, hukaa sebuleni. Baba mdogo amekiondoa kile kitabu karibu na televisheni, hakusema amekipeleka wapi, naye hakuuliza. Kutafuta kazi nyingine hataki kusikia. Anasema ataandika amefanya nini, amepanga bendera?

Wale watu bado wanamwandikia. Kampuni haijui mambo mengi, kwa hiyo wanamwandikia yeye: ile barua ya mwaliko ya ubalozi huandikwaje, nani alikuwa mkalimani yule mzuri, je, angeweza kuwasaidia kidogo na kongamano lijalo, kwa kujitolea tu, kwa mapenzi ya chama. Simu inalia mlio mfupi. Mama mdogo anausoma ujumbe mpaka mwisho, kisha anailaza simu kifudifudi juu ya kitambaa cha meza.

Hajibu. Mwanamke ambaye hajawahi kulala na barua ya mtu bila kuijibu, hajibu. Na wao, kwa kanuni ile aliyowaombea mwenyewe, watahesabu kwamba amekubali.