Walifukuza Wimbo Ulioniinua

Ninyi mnaosoma, mnivumilie. Masomo yangu yaliishia mwaka wa pili wa primeri, na nina hasira. Hasira yenyewe si ya ugonjwa. Ugonjwa ni ugonjwa. Ni ya watu.

Nilizaliwa Makobola, lakini uzee umenikuta Kalundu, bandarini. Kazi yangu ilikuwa kuimba. Musicheke! Mzigo mzito hauinuliwi na mabega tu. Watu wanane wakiinua kila mmoja kwa wakati wake, kuna atakayevunjika mgongo. Kwa hiyo mmoja anasimama pembeni, anatupa neno, wote wanajibu, na pale pa kujibu ndipo mzigo unapanda. Mimi nilikuwa wa kutupa neno. Nauliza, "Mzigo wa nani?" Wanajibu, "Wetu!" Hata ile mashine ya kusaga muhogo tuliishusha hivyo, mvua inanyesha, lakini nikianza habari hiyo hatutamaliza.

Muuguzi alishaniambia nina tansio, damu inapanda, akanipa vidonge. Nilimeza mpaka nikajisikia vizuri, nikaacha. Hapo kosa ni langu, simsingizii mtu.

Asubuhi moja nikawa nasukutua. Maji yakatoka yenyewe upande wa kuume wa mdomo. Nikataka kumwita bibi yangu wa ndoa, Mama Esteri, mdomo ukasema, "Ba, ba, ba." Mkono ukaning'inia. Mguu ukakataa. Nikaanguka karibu na jiko, nikajikojolea.

Lopitali si mbali na kwetu. Lakini jirani akasema, "Iko mapepo hiyo! Mumupeleke kwenye chumba cha maombi." Wakanipeleka. Siku tatu! Nililala kwenye mkeka bila dawa, midomo inalowanishwa kwa kitambaa tu, eti ni mfungo. Mfungo gani, na mimi sikuulizwa? Kiongozi wa kile chumba ananipigia kelele sikioni: "Toka! Sema jina lako!" Alikuwa anauliza pepo. Mimi jina langu mwenyewe nalitafuta kichwani silioni. Mate yananitoka, mkojo unaniwasha mapaja, na watu wanaongea juu yangu kama mimi ni gogo. "Huyu hatarudi." "Koti lake litamfaa nani?" Nilisikia yote!

Siku ya nne binti yangu akafika kutoka Makobola. Hakusalimia mtu. "Mama, munaua papa?" Akanikalisha kwenye pikipiki katikati yake na dereva, akatufunga wote watatu kwa kitenge, mpaka lopitali.

Dokta akasema, "Mshipa umeziba kichwani. Mungemuleta siku ile ile." Mama Esteri akalia. Yeye simchukii. Mwenye hofu anashika mkono wa kwanza anaonyoshewa. Namkasirikia aliyeunyosha.

Nilirudi nyumbani mguu unaburuzika, mkono umekufa, na neno hata moja sina. Binti yangu ananiuliza, "Papa, miye ni nani?" Namtazama. Namjua. Huyu nilimbeba mabegani. Lakini jina hakuna. Anatoka nje, nasikia anapenga kamasi.

Ndipo akaja Kashindi na wabeba mizigo wenzake watatu. Kashindi mdomo wake ni mchafu, mtanisamehe.

"Weye muzee, umelala kama bosi? Unanuka! Twende tukuogeshe."

Wakanishika, huku na huku. Na watu wa bandari hawawezi kuinua kitu kimya, mazoea. Kashindi akatupa neno: "Mzigo wa nani?"

"Wetu!" Nikapanda hewani. Na mdomo wangu nao ulikuwa umesema "Wetu."

Karibu waniangushe. "Nani alisema?" "Ni yeye! Wallahi, ni yeye!" "Rudia, muzee, rudia!"

Maisha yangu yote nilitupa neno. Sikuwahi kuwa wa kulijibu. Kumbe linavuta hivi!

Wakawa wanakuja kila siku kabla ya mashua kufika. Ndani ya ule wimbo kuna mahali pa kutaja wabebaji. "Nani yuko mbele?" Unamtaja. Majina yakaanza kurudi, ya wazima na ya marehemu, na kila jina na vitu vyake: harufu ya samaki wa ndagala, vumbi la saruji, mmoja aliyekuwa anacheka kwa kikohozi. Siku moja Kashindi akauliza, "Nani yuko nyuma?" Aliyeshika visigino vyangu alikuwa binti yangu.

"Esperansi!" nikaimba.

Alikaa chini kwenye matope ya maji ya kuogea, na kitenge chake kipya.

Basi yule kiongozi akasikia. Akaja. "Wimbo wa dunia! Wimbo wa walevi! Ndiyo maana pepo halitoki." Akawafukuza watu wangu uani, Mama Esteri ameinamisha kichwa. Siku mbili hawakuja. Siku ya tatu nikalitafuta "Esperansi," nikapata "Esi" tu. Niliogopa kuliko siku niliyoanguka.

Binti yangu akasema, "Mama, yule kiongozi siku tatu alipiga kelele, papa hakusema hata 'a.' Hawa walimuogesha tu."

Mama Esteri, ambaye hajawahi kuruhusu wimbo wa bandari nyumbani mwake, akafunga kilemba, akashuka bandarini kwa miguu, akawaita yeye mwenyewe.

Kine wa lopitali, yule wa kunyosha viungo, alinieleza: maneno yana upande wao kichwani, wimbo una wake, na kwangu ule wa wimbo haukuguswa. Nikaimba kuomba chumvi. Nikaimba kuomba choo. Polepole sauti ikashuka, ikawa maneno.

Zamani nilidhani Mungu ananisubiri kanisani, bandarini nashinda peke yangu. Sasa namshukuru popote, maana aliniinua kwa mikono inayonuka samaki, na kwa kidonge.

Mwenye tansio, meza dawa hata siku unajisikia kijana. Mdomo ukipinda, lopitali kwanza. Maombi yatakukuta huko huko, Mungu anajua njia. Na mgonjwa asiyesema, musigawe koti lake mbele yake. Mumwimbie, tena si ule munaoupenda ninyi, ule anaoujua yeye.

Yule kiongozi nakutana naye njiani. "Papa, unaendelea?" Naendelea. Lakini neno "nisamehe" bado sijalisikia kwake, na masikio yangu hayakuugua hata siku moja.