Vidole Vinne vya Chiriku

Saa mbili kasoro robo asubuhi. Foleni ya akina mama waliokuja kupima watoto uzito imeshafika kwenye geti la kliniki. Ng'ambo ya barabara, kwenye baraza ya duka la nyuzi na vifungo, mwanamke wa miaka hamsini na tisa anazungusha uzi wa bluu kwenye kichwa cha mtoto asiyetaka kutulia.

"Tulia kidogo tu, baba. Sikunyoi," anamwambia.

Anaupitisha uzi juu ya masikio na katikati ya paji la uso. Pale ncha zinapokutana anapiga fundo, kisha anakata. Uzi unakwenda kutundikwa ukutani kwenye msumari, pamoja na wenzake wa kila rangi. Ni zaidi ya mia mbili, na kila mmoja ni kichwa cha mtoto fulani.

Mtaa mzima unamwita Mama Masikio. Jina lake la kuzaliwa liko kwenye kitambulisho, na hata yeye akiitwa kwa jina hilo huchelewa kugeuka. Kazi yake ni kufuma kwa kroshia bendi za kichwani za watoto, kila moja na masikio ya mnyama wake: sungura, paka, tembo, twiga na vipembe vyake. Nyuma hufungwa kwa kifungo.

Bendi moja humchukua saa tatu, na bei yake ni kama ya kilo mbili za sukari. Siku nzuri huuza nne. Juzi hakuuza hata moja, akarudi nyumbani na sungura watatu kama alivyotoka nao.

Futi ya kupimia anayo, imelala ndani ya kopo. Haigusi.

"Futi inanipa namba, na namba naisahau mteja hajavuka barabara," anasema. "Mama akirudi baada ya mwaka, nashusha uzi wa zamani naulaza kando ya mpya. Namwambia, ona, kidole kizima! Huyu unamlisha nini? Wengine wanacheka. Wengine wanatoa leso."

Uzi mmoja una msumari wake peke yake. Zamani ulikuwa mwekundu. Sasa umepauka umekuwa rangi ya tofali. Ni wa mjukuu wake, mtoto wa binti yake wa pekee, anayemwita Chiriku kwa jinsi alivyoanza kuongea mapema na asinyamaze tena.

Alimpima Chiriku akiwa na miaka miwili na miezi mitatu. Wiki hiyohiyo binti alimbeba mtoto mgongoni, akapanda gari kwenda nchi nyingine, safari ya siku mbili, alikopata kazi ya kufua mashuka hotelini.

"Aliniambia, mama, mwaka mmoja tu nijipange nirudi. Nikasema haya. Mwaka ukaisha, ukaja mwingine. Huu ni wa tano." Anavuta uzi kutoka kwenye bonge. "Simlaumu. Kazi ni kazi. Lakini mikono yangu imezoea vichwa, na kile ninachokitaka hakimo kwenye foleni hii."

Kila mwaka Chiriku anapotimiza umri, Mama Masikio humtumia bendi ya sungura. Kila mwaka binti humpigia simu na kumwambia imemkaa sawasawa.

Mwezi uliopita binti alituma picha ya mtoto akiwa na sare mpya ya shule. Bibi akaikuza kwa vidole aone viatu, aone soksi, aone na kitanda kilichokuwa nyuma. Juu ya mto alikaa mdoli amevaa bendi ya sungura.

"Na imemkaa vizuri kweli, siwezi kusema uongo," anasema, na kicheko chake kinakatika njiani. "Nikampigia mama mtu. Nikamuuliza, tangu lini mdoli wenu ana bibi? Ndipo akasema, mama, zote zilikuwa ndogo. Sikutaka kukuvunja moyo."

Si kwamba hakujua watoto hukua. Amewapima mia mbili. Kila mwaka aliushusha uzi mwekundu akaongeza nusu kidole, na mkono ukagoma hapo. Akifumba macho aliona kichwa kilekile kilicholala kwenye bega lake asubuhi ya safari, kikinuka sabuni.

Sasa kinachomkosesha raha ni kwamba Jumatatu ijayo Chiriku anatimiza miaka saba. Jirani, dereva wa lori la vigae, anaelekea huko Jumamosi alfajiri na amekubali kubeba mzigo. Na kwa uzoefu wa baraza hii, wasichana wakikaribia miaka minane huanza kuona haya kuvaa masikio ya wanyama.

"Nimebakiwa na hii moja," anasema. "Nikikosea na hii, itakwenda kwa mdoli, na mwakani mwenyewe hataki tena."

Jumatatu ya wiki hii, jioni, alipiga simu ya video. Binti alikuwa jikoni, mtoto akapokea.

"Bibi! Nimeng'oka meno mawili!"

"Naona, mke mwenzangu. Umebaki na pengo kama geti la kliniki. Sikiliza, niambie unataka mnyama gani."

"Sungura wametosha, bibi. Nataka fisi."

"Fisi?"

"Tukicheza wanyama shuleni, hakuna anayetaka kuwa fisi. Mimi nataka. Fisi anacheka."

Sauti ya binti ikatoka jikoni: "Mama, usimsikilize huyo! Nani anamvika mtoto fisi?"

Bibi alishamsikiliza. Alimwelekeza mtoto amvue mdoli bendi, ile ya mwaka jana, ajizungushie mwenyewe kichwani, kisha aweke vidole kwenye nafasi iliyobaki kati ya kifungo na kitundu chake. Simu ikaanguka, ikaokotwa, ikaonyesha dari.

"Vidole vinne, bibi!"

Vidole vinne. Mama Masikio alilala akiwa na kipimo kipya cha Chiriku kwa mara ya kwanza katika miaka mitano.

Jumatano amekaa barazani na bonge la uzi wa kahawia. Tatizo ni masikio. Hajawahi kufuma fisi, kwa sababu hakuna mama aliyewahi kumnunulia mtoto wake fisi. Anamwita mlinzi wa kliniki, mzee aliyechunga mbuzi utotoni.

"Kaka, wewe fisi umemwona?"

"Nimemwona karibu kuliko nilivyotaka."

"Masikio yake yakoje?"

"Dada, siku ile sikuwa na nafasi ya kumpima."

"Acha mzaha. Yamechongoka au ya mviringo?"

Mlinzi anafikiri, kofia mkononi. "Mviringo. Mapana. Yamesimama mbalimbali, kama mtu anayesikiliza habari za jirani."

Hiyo inamtosha. Anaanza na vitanzi sita kwenye duara, anaongeza sita kila mzunguko mpaka sikio linajaa kiganjani. Madoa anayashona kwa uzi mweusi. Bendi yenyewe anaipima kwa kipimo cha ile ya sungura aliyoifuma mwaka jana, ambacho bado anacho, na kuongeza vidole vinne. Anavilaza kwenye kazi kimoja kimoja, kama anavyolinganisha nyuzi za watoto wote.

Alhamisi saa nne kamili imekamilika. Kwenye foleni kuna msichana wa miaka saba aliyemsindikiza mama yake na mdogo wake mchanga. Mama Masikio anaomba amjaribishie.

Bendi inateleza kwenye paji la uso, inapita nyusi, inatua puani.

"Sioni!" anapiga kelele msichana.

"Huyo fisi kalala," anasema mlinzi kutoka getini, na foleni nzima inaangua kicheko.

Mama Masikio hacheki. Anautazama mkono wake mwenyewe, mpana, vidole vilivyonenepa kwenye viungo kwa miaka ya kushika sindano. Kisha anamwomba msichana amnyooshee wake. Vidole vinne vya mtoto vinalala juu ya vyake na kuishia katikati ya kile cha tatu.

"Vidole vyangu," anasema taratibu. "Kaniambia vinne, mimi nikaweka vyangu. Kichwa nimekubali kimekua, mkono sikuufikiria kabisa. Ana mkono wake. Anavaa viatu mwenyewe, anashika penseli."

Anaendelea kuushika mkono wa mtoto wa watu. Mama yake anaona, anamwacha aushike mpaka jina lao linapoitwa.

Kufumua ni kazi ya dakika mbili. Anavuta uzi, na bendi ya siku nzima inarudi kuwa nywele za mawimbi juu ya magoti yake. Masikio anayabakiza. Anaanza upya, kati ya mteja na mteja, safari hii akitumia vidole viwili na nusu vyake, na jioni ya Ijumaa anapachika kifungo cheusi alichozawadiwa na mwenye duka.

Kwenye bahasha anaweka bendi na kipande kirefu cha uzi wa njano ambacho hakikukatwa. Anaandika kwa kalamu: "Zungusha kichwani, piga fundo, kata, nirudishie." Dereva anaipokea Jumamosi gizani, anaiweka chini ya kioo cha mbele.

"Nyuma nimepakia tani thelathini za vigae," anamwambia, "lakini hii ndiyo itakayoninyima usingizi. Shangazi, ikipotea usinihame jirani."

Jumatatu hakuuza kitu, wala hakujali. Simu ilikuwa mapajani tangu asubuhi. Picha iliingia saa tisa: bendi imekaa juu kidogo ya masikio ya mtoto, haijabana, haijateleza. Masikio mapana yamesimama mbalimbali, na chini yake mdomo umefunguka wote, pengo la meno mawili mbele. Mama Masikio alivuka barabara akamwonyesha mlinzi, kisha akaitembeza foleni nzima, mpaka nesi akatoka kuuliza kuna nini.

Dereva alirudi baada ya siku kumi na moja. Bahasha ilikuwa ileile, imefungwa upya kwa gundi. Ndani hamkuwa na uzi mmoja tu wa njano. Zilikuwa nyuzi mbili, zimekatwa kutoka kwenye kile kipande kirefu, kila mmoja na fundo lake.

Wa kwanza aliufahamu. Aliulaza kando ya ule mwekundu, akapima tofauti, akatikisa kichwa, akautundika kwenye msumari uleule.

Wa pili ulikuwa mrefu zaidi. Kichwa cha mtu mzima. Hapakuwa na barua wala jina la mnyama.

Aliuzungusha kiganjani, akamjua mwenye kichwa. Bendi ya kwanza aliyowahi kufuma, anasimulia, alimfumia binti yake alipokuwa na miaka sita. Ilikuwa paka. Ndiyo kwanza alikuwa anajifunza, na sikio moja likatoka kubwa kuliko lingine. Alipotaka kulifumua, mtoto alilia mpaka akaachiwa paka wake alivyo.

Leo asubuhi foleni ni ndefu, na kwenye goti la Mama Masikio kuna uzi wa kijivu. Sikio la kushoto limeshaisha. La kulia analiongezea mizunguko miwili, kwa makusudi, huku akihesabu vitanzi kwa midomo.

Mwenye duka anamkumbusha kwamba dereva anasafiri tena wiki ijayo. Kama ni mzigo, auandae mapema.

"Hii siitumi," anamjibu bila kuinua macho. "Nimeshamwambia shule zikifunga nauli nusu nachangia mimi. Atakuja kuivaa hapahapa, na yule fisi wake pembeni. Nataka nimfunge kifungo mwenyewe."