Kipanya cha Sabra na Khitma ya Watoto

Waliokuwepo ukumbini siku ile wamenisitiri, Mwenyezi Mungu awasitiri na wao, lakini mtu aliyefundisha watoto dini kwa zaidi ya miaka thelathini hana haki ya kuchagua aibu zipi azisimulie na zipi azifukie, kwa hiyo hii naitoa mwenyewe, na mkitaka kucheka chekeni, nimeshazoea.

Nakaa Michenzani, ghorofa ya nne, na mjukuu wangu Sabra, binti wa miaka ishirini na mbili anayecheza gemu za kompyuta za mashindano (zile za watano kwa watano, za kulenga shabaha). Mwanzo nilidhani ni kupoteza wakati tu, mpaka nilipoona anavyofanya mazoezi kwa nidhamu ambayo natamani wanafunzi wangu wangekuwa nayo katika kuhifadhi. Ana kipanya chake, chepesi kama ganda la yai, na kitambaa kikubwa cheusi cha kukitelezeshea kinachofunika nusu ya meza. Niliwahi kumuuliza kwa nini mshale wake kwenye skrini unakwenda polepole vile.

"Ndo wanavyoweka wachezaji wakubwa, Bibi. Kasi unaishusha, mie nnaweka mia nane, halafu unakwenda na mkono mzima, kiganja kinatulia. Ukishaizoea namba yako huigusi tena."

Nikaitikia kama niliyeelewa.

Jumapili moja palikuwa na shindano katika ukumbi usio mbali na kwetu, na mwalimu wa timu yao alikuwa amesema wazi kwamba siku hiyo ndiyo atakayochagua watano wa kwenda Dar es Salaam. Wanne walishajulikana, nafasi ya tano ni Sabra au mwenzake mmoja. Jumamosi, siku moja kabla, baada ya Alasiri, Sabra alikuwa ametoka, nami nikakaa kwenye kompyuta yake niandike majina ya watoto wanaohitimu Kurani, kwa ajili ya khitma yao. Kipanya kikanitesa. Kuutoa mshale pembe hii kuupeleka pembe ile ilibidi niusukume mkono mpaka nikagonga kikombe cha chai. Basi mimi (najidai najua kompyuta, kwa kuwa niliwahi kufundishwa wiki mbili) nikatafuta, nikaona programu yenye picha ya kipanya na namba mia nane, nikaivuta namba ile mpaka elfu nne. Ikaniuliza, nihifadhi ndani ya kipanya? Nikakubali. Ikataka jina. Kwangu kila ninachokihifadhi lazima kiwe na jina linaloeleweka, nikaandika kwa herufi kubwa, KHITMA YA WATOTO. Mshale ukaruka kama mbayuwayu, majina yakaisha kabla ya Magharibi, nikamshukuru Mola na nikasahau kila kitu. Sabra alirudi usiku, akapakia vyombo vyake mkobani akalala. Asubuhi yake, kwa mapenzi yangu tu, nikaufukiza udi mkoba wa Sabra na vyote vilivyomo.

Ukumbini alitupokea fundi wa mitambo, Emanuel, kijana wa miaka kama thelathini. "Shikamoo Bi mkubwa," akasema, akaniletea kiti chenye mto akakiweka karibu na feni. Kisha akapita kwa wachezaji, akachukua vipanya vyao kimoja kimoja, akavigeuza, akavitazama na kuvirejesha, maana ndiyo kazi yake. Umeme ulikuwa umekatika na muda umekwenda, uliporudi wakaambiwa waanze moja kwa moja bila kupasha mikono. Sabra alipokunjua kitambaa chake, wapinzani wa upande wa pili wakanusa udi.

"Jamani, kaja bi harusi," mmoja akasema.

Mchezo ukaanza, nasi tunatazama kwenye skrini kubwa ukutani. Sabra akisogeza mkono kidogo, bunduki yake inampita adui na kutazama juu.

"Sabra, adui yuko mbele yako, darini unatafuta nini?" mwenzake wa timu akapiga kelele.

"Muache, anawinda popo," akadakia mmoja wa wapinzani.

Watu wakacheka. Nikamuona mjukuu wangu anafuta kiganja kwenye baibui, anajaribu tena, anakosa tena, na mwalimu wake kainamisha kichwa anaandika. Nikakumbuka nani alikishika kipanya kile mwisho. Na nitasema kweli, kwa sababu hili ndilo linaloniuma kuliko yote: Emanuel alikuwa na kijisalaba shingoni, nilikiona alipoinama kuniwekea kiti, na wakati ule nikakikumbuka.

Mchezo ulipoisha, wameshindwa, nikasimama. "Pana hila hapa. Fundi yule kakichezea kipanya cha mjukuu wangu, nimemuona kwa macho yangu."

Sabra akanong'ona, "Bibi, kaa, nakuomba," lakini nilishasimama, na nikisimama huwa sikai (waulize majirani). Mwamuzi akakitaka kipanya, akampa Emanuel akichomeke kwenye kompyuta yake ya kazi mbele ya wote, na kompyuta ile ndiyo iliyokuwa imeungwa na skrini ya ukutani. Ikatokea picha ninayoijua, na namba elfu nne, na juu yake jina, kila herufi kubwa kama mlango. Mtangazaji, maskini, akalisoma kwenye kipaza sauti kabla hajafikiri.

"Khitma... ya watoto?"

Sabra akageuka polepole akanitazama.

Ukumbi mzima ulicheka, na kicheko kile nilikistahili. Nikaenda mpaka pale alipo Emanuel, nikasema kwa sauti ileile niliyomtuhumia: "Mwanangu, nimekudhania vibaya mbele za watu, na mbele zao nakuomba radhi."

"Yameisha, Bi mkubwa," akasema. "Hata mama yangu angesimama." Akanirudisha kwenye kiti kilekile.

Matokeo hayakubadilishwa, na haikuwa haki yabadilishwe. Nafasi ya tano ilikwenda kwa mwenzake, Sabra akaandikwa wa akiba. Tulipanda ngazi zetu, na ghorofa ya tatu akasimama kuningoja nipumue. "Ungenambia tu, Bibi," akasema. "Ningekirejesha kwa sekunde moja, ile programu kwenye kompyuta za kuchezea haipo."

Jumatatu darasani somo langu lilikuwa dhana mbaya, ambalo nimelisomesha mara nyingi nikidhani linawahusu wengine. Safari hii niliwapa watoto mfano wangu mwenyewe. Nimeweka nadhiri: chombo cha kazi ya mtu sikigusi bila ruhusa yake, na jambo likiharibika nitaanza kuikagua mikono yangu mwenyewe kabla ya kumtazama mtu mwengine.

Kipanya kimerudi mia nane, ila jina Sabra hakulibadilisha. Nilimwomba alifute, akasema atalifuta siku atakayochaguliwa kwenda Dar. Kila baada ya sala namwombea siku hiyo ije, na nakiri kuwa dua hiyo nusu ni yake na nusu ni yangu.